Papa Niliyemtwanga kwenye Kinu

Papa alifika kijijini kwetu, nje kidogo ya Ikungi, akiwa amefungwa kwenye gazeti. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli Manyoni. Alitumwa Dar es Salaam, akala samaki wa baharini hotelini, akarudi na kipande kikavu, kigumu kama soli ya kiatu. Nikamwuliza hupikwaje.

"Mimi nilikula tu," akasema. Wanaume bwana!

Sikutishika. Tulikuwa tumeoana karibuni, tumehamia kijiji cha ujamaa na wakwe zangu, na bado nilipika kwenye jiko la mama mkwe. Ndivyo kwetu: mke mgeni hukaa jiko la mama mkwe mpaka wazee waridhike, ndipo apewe mafiga yake matatu. Nilivyoyatamani mafiga hayo! Nikasema leo ndiyo leo, wataridhika tu.

Nyama kavu naijua tangu utotoni. Huiloweki, unaitwanga. Basi na papa nikamtwanga mpaka akawa unga, nikamchanganya na karanga, nikatia magadi kidogo. Chumvi niliacha, maana baba mkwe hakuipenda. Kuonja ningeonja, lakini nililelewa kwamba kwenye jiko la mkwe huonji chungu kabla ya wazee.

Baba mkwe akamega tonge la ugali wa uwele, akachovya, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Machozi yakamlengalenga.

"Maji," akasema, na kibuyu kizima kikaisha.

"Umemwaga chumvi yote ya nyumba hii?" mama mkwe akaniuliza.

"Sikutia hata chembe, mama."

Mume wangu akainamisha kichwa. Baba mkwe akanawa mikono, akasema mwanamke anayepika hivi halafu akadanganya, mafiga yake yasubiri.

Kuharibu mboga, sawa, nimeharibu. Lakini mimi, mwongo? Nikaingia jikoni, nikarudi na mkia wa papa ulioushinda mchi wangu.

"Mama, hebu ramba hapa."

Akaramba. Akakunja uso, akatema, akaramba tena. Kisha akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Mtoto hajadanganya," akamwambia mumewe. "Chumvi imekuja na samaki mwenyewe. Kesho apewe mafiga yake."

"Baada ya sumu hii?"

"Ndiyo hasa! Asije akanipikia kitu kingine kwenye chungu changu."

Asubuhi aliyabeba yeye mwenyewe, moja moja, akayapanga nyuma ya nyumba yetu, akayatikisa kwa mguu kuona kama yamekaa. Nilimshukuru kwa kupiga magoti, na nilikuwa nalia kwa furaha.

Jioni nikabandika mlenda kwenye mafiga yangu. Wazee walikuwa wamekaa wanasubiri. Nikachota kidogo kwa mwiko, nikadondoshea kiganjani, nikaonja mbele yao wote. Mama mkwe akasogeza bakuli lake.