Finjani Iliyobaki Zuliani

Siku ile barazani tulikuwa watano: Bibi yetu; mimi, mkubwa wa wajukuu zake yatima; mdogo wangu, mwanafunzi wa chuo; mkuu wa chuo, ambaye ndiye mwenye nyumba; na mwanawe, aliyeshika mdila wa kahawa. Kwa umri wa Bibi, hakuna aliyethubutu kumwambia aende upande wa wanawake.

Tulikwenda kumwomba mkuu asiivunje timu ya mbio ya chuo.

Wazee wetu walifariki njiani, gari lilipopinduka wakirudi kutoka Sur. Mimi nikaacha shule, nikashika usukani wa gari la maji, nikawa napeleka maji majumbani Ibra, huku Oman, na mashamba ya pembeni. Mdogo wangu aliendelea na masomo mpaka akaingia chuo, lakini alikuwa kama mtu aliyesahauliwa mahali. Ukimwita, anakuitikia kutoka mbali. Mpaka alipoanza kukimbia.

Timu yao ilikuwa ya vijana waliokuwa mbali na kwao: mmoja wa Ashkhara, ambaye nguo zake hazikuacha kunukia papa mkavu, wengine wa Jalan na Nizwa. Baada ya alasiri walizunguka uwanja wa mchanga nyuma ya mitende. Nikimaliza kazi nilisimamisha gari, nikazima mota, nikasikiliza. Jua likishuka, vumbi liligeuka rangi ya zafarani, na ndani yake nilisikia miguu, miguu tu, kama mvua inayokuja lakini haifiki. Wakitokeza, sura zao zote zilikuwa moja kwa vumbi. Nilishindwa kumjua wangu ni yupi, na hilo lilinipa raha. Humo ndani hakuwa yatima. Alikuwa mmoja wao. Akirudi nyumbani alikula, akacheka, akalala.

Kisha majirani wa uwanja wakalalamika. Kila wakianika nguo, vumbi. Chuo kikasema hakina mtu wa kuumwagilia uwanja, bora timu ivunjwe.

“Wakiivunja, kaka, na mie chuo basi,” mdogo wangu aliniambia. “Nitakuja kuvuta mpira wa maji pamoja na wewe.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa ile sauti yake ya zamani, ya kutoka mbali, nikaogopa.

Kisimani ninapojaza gari palikuwa na bedui mmoja. Yeye ndiye aliyenifundisha: ukienda kwa mtu na haja, kahawa yake usiinywe. Iweke finjani chini, ungoje akuulize. Akishakubali, ndipo unywe. Njia nzima niliwakumbusha wenzangu.

“Haya, haya, nimesikia,” alisema Bibi. “Nyinyi mnaniona mtoto?”

Mkuu wa chuo alikuwa mzaliwa wa Tabora, lakini alirudi Oman akiwa mdogo, na desturi za huku alizijua kutushinda sisi wa Unguja.

“Shikamoo, bibi,” alisema alipotupokea.

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

Kahawa ikaja, inanukia iliki. Mimi nikaweka finjani yangu zuliani. Mdogo wangu akaweka yake. Bibi akainywa.

Nilimkanyaga mguu. Akanitazama kana kwamba mimi ni mwendawazimu. Kwetu Unguja kuiacha kahawa ya mwenyeji ipoe ni kumdharau, na mkono wake ulikwisha kwenda kabla hajakumbuka. Tena hakujua kwamba aliyetosheka hutikisa finjani. Akawa anaishika imetulia, mtoto anamimina, Bibi anakunywa.

“Jamani,” alininong’oneza mwisho, “huyu mtoto ana nia ya kuniua?”

Mkuu wa chuo akacheka mpaka akafuta macho. Kisha akaziona finjani mbili zilizobaki chini, akaacha kucheka.

“Bibi hana haja,” alisema. “Nyinyi wawili mnayo. Semeni.”

Nilitaka kusema mimi, lakini mdogo wangu akatangulia. “Nikikimbia na wenzangu,” alisema, “naweza kulala.” Akaishia hapo.

Nje feni ya mashine ya hewa ilivuma.

“Na vumbi?” aliuliza mkuu.

“Maji nitamwaga mimi,” nikasema. “Kila alasiri, kabla hawajaanza. Maadamu timu ipo.”

“Basi ipo. Kunyweni.”

Tukanywa. Ilikuwa baridi, na sijawahi kunywa kahawa tamu kama ile. Nilipotikisa finjani niirudishe, nikamwona mkuu anaiweka yake zuliani, imejaa.

“Nimekupa haja yako,” aliniambia. “Na mie ninayo yangu. Urudi ukasome. Masomo ya jioni yapo.”

“Inshallah.”

“Inshallah ya kweli au ya kutuaga?” aliuliza Bibi.

“Ya kweli,” nilisema, na nilikusudia.

Mdogo wangu alimaliza chuo, yuko Sur na watoto wake. Timu ipo bado. Vijana wapya kila mwaka, wa Jalan, wa Nizwa, na kila alasiri nafungua maji, udongo unanukia, nao wanavua ndala wakisubiri nipite. Masomo ya jioni huanza saa ileile. Nikikunja mpira wa maji, darasa limekwisha kuingia.

Mkuu amestaafu. Tukikutana sokoni hanidai. Ananiuliza tu wanakimbiaje. Namjibu, “Vizuri.” Kisha naiona finjani yake zuliani, imejaa, inaningoja.