Kibodi ya Mbwembwe

Bi Mashine alikuwa na miaka thelathini na nne katika ofisi ile ya mabomba, kumi ya mwanzo akichapa kwa taipureta. Alichapa macho yakiwa kwenye rasimu. Kukodolea kioo cha kompyuta kila neno aliona ni mambo ya wanagenzi. Ilibaki miezi kumi na moja astaafu na kiinua mgongo chake, na hilo lilimkera meneja, aliyekuwa akimtafutia shemeji yake kiti.

Meneja ndiye aliyeleta ile kibodi. Mtu mzima, anawinda herufi za jina lake kwa kidole kimoja, lakini kwa mbwembwe hana mwenzake. Kibodi yenyewe haikuwa na waya, ikajitia utaipureta: vitufe vya mviringo vyenye ukingo wa fedha, mlio wa ta-ta-ta, na pembeni mkono wa chuma kama ule wa kurudishia mstari. Alicheza nayo siku mbili mezani kwake, akaichoka, akambwagia mama wa watu eti zawadi. Vitufe vilikuwa virefu hata viganja vikauma. Kitu cha kupigwa picha, basi.

Na ule mkono wa chuma, kumbe, haukurudisha mstari wowote. Ulihamisha kibodi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, na ya meneja ilikuwa bado imeunganishwa nayo. Aliyebuni akili hiyo bila shaka hajawahi kuchapa hata barua ya kuomba ruhusa.

Asubuhi hiyo Bi Mashine alichapa oda ya vifaa. Kwa mlio ule, kiganja chake cha kushoto kilikumbuka ujana: kila mwisho wa mstari, pa, kikaupiga mkono wa chuma. Mstari mmoja ukabaki kwake, wa pili ukaenda zake chumba cha pili, kwenye kompyuta ya meneja. Mwenyewe alikuwa ametoka kunywa chai, kaacha wazi ripoti fupi ya siri kwa makao makuu, aliyoidonoa mwenyewe kwa kidole kimoja. Aliporudi aliitoa kwenye printa, akasaini bila kuisoma, akaituma.

Oda yenye mapengo ilimpandisha meneja mori. Alimwambia mbele ya watu kwamba uzee umemshinda. Bi Mashine aliingia stoo akalia, maana miezi yake kumi na moja aliiona inayeyuka.

Siku ya tatu ripoti ilirudi, imezungushiwa wino mwekundu. Meneja alimwita, akamtupia: upuuzi gani huu umeniingizia? Bi Mashine akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, taratibu.

"'Mchapaji amezeeka, aondolewe mwezi huu. Hasomi anachoandika. Mabomba ya inchi sita, arobaini. Koki za shaba, kumi na mbili.'" Akaweka kidole chini ya karatasi. "Na hapa chini ni saini ya nani, meneja?"

Makao makuu yaliitupilia mbali ripoti, mama akaachwa kazini mwake, na meneja akatakiwa kujieleza kwa maandishi. Kuchapa ukurasa mzima hawezi, kwa hiyo alikuja kumwomba huyohuyo amchapie. Akamchapia, akampa karatasi. Meneja akachomoa kalamu.

"Soma kwanza," Bi Mashine alimwambia.

Akasoma, kasimama mbele ya meza yake, midomo ikicheza kila neno. Bi Mashine hakumkaribisha kiti.