Diski ya Mtani

Laptop yangu ilianza kugonga siku ya Jumatatu. Haikuwa sauti kubwa: tk, tk, kisha kimya, kisha skrini inaganda na kishale hakisogei. Usaili ulikuwa Ijumaa. Kikundi cha wakulima wa mpunga kule Mamba kilikuwa kinatafuta mtu mmoja wa kutunza kumbukumbu za wanachama, na barua ilisema kila msailiwa aje na laptop yake kwa ajili ya mtihani wa vitendo. Kutoka nyumba yetu moja pale Ilembo tuliitwa wawili: mimi, na mtoto wa shangazi.

Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Humwombi kitu, unachukua, naye anachukua chako, na shukrani yake ni matusi. Niliporudi kutoka chuo alivaa shati langu la mahafali kwenda kupalilia mahindi, na wakati ule nilicheka. Lakini tangu zile barua mbili zifike siku moja, kucheka kulikuwa kumeniisha. Mimi nina shahada, yeye ana stashahada. Hata hivyo, yeye ndiye mwenye laptop mpya inayowaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Yeye ndiye watu wa Sitalike wanayempigia simu awatengenezee vitu. Sokoni huchukua shati la kwanza analoshika, na linamkaa. Mimi hurudi nyumbani na la nne, nikiwaza la pili.

Asubuhi ile alisimama mlangoni kwangu, mswaki mdomoni.

"Msomi, mashine yako inabisha hodi. Mfungulie basi."

"Niache."

"Hiyo diski inakufa. Ninayo nyingine kwenye droo, niliitoa kwenye laptop yangu ya zamani. Ni nzima kabisa."

"Hapana, asante sana, ndugu yangu."

Akautoa mswaki. "Ndugu yako? Mama! Njoo uone, huyu anaumwa!"

Alicheka, lakini aliondoka bila kunitania zaidi, na nilijua nimemuumiza. Asante ile ilikuwa kama kumfungia mlango. Nilikaa kitandani nikiwaza. Kwa nini anipe? Nafasi ni moja. Diski yake ikizima katikati ya mtihani je? Na isipozima, nikapata kazi, si ataitangaza kila harusi hadi uzeeni? Ukweli ulikuwa mdogo kuliko hayo yote: nilitaka kuwa na kitu kimoja ambacho yeye hakukigusa kwanza.

Jumanne nikaifungua laptop kwa bisibisi ndogo. Skrubu nilizipanga kwenye sahani kwa mpangilio wa matundu yake. Nikaitoa diski, nikanakili kila herufi na kila namba iliyokuwa kwenye lebo. Nikapima urefu kwa rula, nikapima upana, nikachora hata sehemu ya kuchomekea. Ukurasa mzima ukajaa.

Yeye akapita na ndoo ya maji. "Pima na unene," alisema, bila hata kusimama.

Nikaona anajionyesha. Lebo ilikuwa inasema inchi mbili na nusu, na inchi mbili na nusu ni inchi mbili na nusu. Sikupima.

Jumatano nilizunguka maduka ya mjini Mpanda. La kwanza lilikuwa na zile nyembamba kama kipande cha ubani wa kutafuna, na laptop yangu haina pa kuzichomeka. La pili lilikuwa na za kompyuta za mezani, kila moja nzito kama tofali. La tatu ni la mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, anayeuza pia redio na taa za sola. Akanitolea moja. Nikalinganisha namba. Nikatoka, nikarudi, nikatoka tena kwenda kusoma mtandaoni chini ya kibaraza cha jirani yake, nikarudi.

"Mwanangu," akasema, "unanunua diski au unaposa?"

Wateja wawili wakacheka. Nikamwambia nitafikiri hadi kesho.

"Kafikiri. Na kesho ukija, acha kitambulisho, uende nayo ukajaribu. Isipoingia, inarudi."

Alhamisi asubuhi nikaacha kitambulisho, nikaibeba diski kama yai. Nyumbani niliichomeka, ikashika vizuri, kila pini mahali pake. Lakini kifuniko hakikukaa. Nikakibonyeza. Kikainuka upande wa pili, kama sanduku lililojazwa nguo. Nikabonyeza kwa kiganja hadi plastiki ikalia, hapo nikaogopa. Nikachukua rula. Diski yangu ya zamani: milimita saba. Hii: tisa na nusu.

Milimita mbili na nusu. Na yeye aliniambia.

Nikairudisha. Mzee akanipa kitambulisho changu bila neno baya. Alisema za milimita saba ziko njiani, zitakuja na basi la Tabora, labda Jumatatu.

Nilimkuta shangazi uani akichambua mchele kwenye ungo. Hakuniangalia usoni. "Mtani wako ana kidiski chake kwenye droo. Kachukue."

"Hayupo, ameenda Sitalike."

"Tangu lini mtani anasubiriwa?"

Nikaingia chumbani kwake kama mwizi, ingawa haki nilikuwa nayo. Diski iliingia bila kulazimishwa, kifuniko kikakaa chenyewe, na nilikasirika kwa jinsi kilivyokaa. Nilipowasha, ilikuwa tayari ina programu zote. Alikuwa amefuta mambo yake, akaacha folda moja tu: mazoezi ya kujaza orodha za wakulima, ekari, magunia, vijiji. Ni mazoezi yaleyale aliyokuwa akiyafanya yeye. Niliyatazama nikaona hata kwenye wema amenitangulia. Nikafanya mawili, nikafunga.

Ijumaa tulitoka pamoja alfajiri. Njiani alitania dereva, alitania abiria, mimi hakunigusa. Mtihani ulifanyika kwenye chumba kilicho kando ya ghala. Laptop yangu iliwaka haraka kuliko ya mtu yeyote mle ndani, hata kuliko yake. Nikaanza kuwaza kama safu ya kwanza iwe jina la mkulima au kijiji chake. Nikaweka jina. Nikafuta, nikaweka kijiji. Nilipoinua macho, kiti chake kilikuwa kitupu. Dirishani nilimwona na mlinzi wa ghala, wanagawana hindi la kuchoma.

Jumatano iliyofuata wakampigia yeye.

Shangazi alipiga vigelegele, kisha akanikumbuka, akanyamaza. "Au ile laptop ilikusumbua?" aliniuliza, na nilisikia kwamba ananiwekea mahali pa kujificha.

Yeye alikuwa amekaa kizingitini, simu bado mkononi. Naye akasubiri jibu langu. Nilitamani sana ile diski iwe ilizima, hata dakika tano tu. Nilitamani iwe iligonga, iwe iliganda, ili ushindi wake uwe na doa. Nililitafuta hilo doa kila mahali, kama nilivyozitafuta zile namba kwenye lebo.

"Haikusumbua," nikasema. "Ilifanya kazi vizuri."

Kisha nikaingia ndani, kwa sababu sikutaka anione uso.