Mwanamke wa Getini

Jumamosi nilikuwa saluni Kiseke, nasukwa. Mteja mwenzangu akafungua ramani kwenye simu, akatuonyesha picha ya mtaa wetu iliyopigwa na gari lenye kamera juu. Getini kwa msusi wetu alisimama mwanamke, uso umewekewa ukungu.

"Dada, si wewe huyu?" tulicheka. "Mkono kiunoni, kama kawaida yako!"

Msusi hakucheka. Aliachia nywele zangu. "Mmenijuaje bila uso?" aliuliza taratibu. "Basi hata mwanaume niliyemkimbia kule Nansio atanijua."

Kicheko kikakatika. Mteja yule akamsaidia kuwaomba wenye ramani waifiche picha, na sasa kwenye ramani nyumba nzima ni ukungu.

Mimi nabaki kujiuliza: gari lile lilipopita, nilikuwa nimesimama wapi, na nimesimama na nani?