Fundi Mwembamba na Pedali Nzito

Shemeji yangu, fundi cherehani aliyemuoa dada yangu, ni mwembamba kiasi kwamba akisimama kiubavu inabidi umtafute. Mimi nina tumbo la heshima, naye hajaacha kunisema miaka nenda rudi. "Shemeji, suruali yako moja ni sare za darasa zima," husema kila akinipima.

Basi mwaka jana akaanza kulalamika kuwa pedali imekuwa nzito. Akishona kidogo tu, shavu la mguu wa kulia linambana kama limeshikwa na koleo. Akipumzika, linaachia. Dawa yake? Kuitia mashine mafuta. Asubuhi mafuta, mchana mafuta, mpaka mashati ya watu yakatoka na madoa. Mwisho akaniita, maana hakuna mashine mtaani isiyonijua. Nikaifungua, nikaifunga, skrubu moja ikabaki, si neno. Nikakaa, nikakanyaga. Ikateleza kama maji.

"Shemeji, mashine nzima," nikamwambia. "Mbovu ni wewe."

Alicheka. Dada hakucheka. Kesho yake alimkokota hospitali, nami nikafuata.

Daktari alimpapasa kifundo cha mguu akitafuta mapigo, akayapata kwa shida. Damu ikapimwa: mafuta, hayo wanayoyaita kolesteroli, yamepita kiasi, yamegandia ndani ya mishipa ya mguu. Akasema kinachoziba mguuni kinaweza kuziba moyoni, au kikaleta kiharusi.

"Mafuta, mimi?" fundi akauliza. "Si umpime huyu."

Nikapimwa. Yangu yalikuwa sawa, na nimehakikisha mtaa mzima unajua.

"Wembamba si kinga," daktari akasema. "Kwenu kuna aliyeanguka ghafla?"

Fundi akainama. Baba yake alianguka akafa akiwa na miaka arobaini na miwili, yeye hata shule hajaanza.

"Basi huenda ni ya kurithi. Na mtoto wako apimwe."

Akapewa vidonge vya kila siku. Sigara aache, na atembee: mguu ukibana asimame, ukiachia aendelee. Hazikupita wiki tatu, nikavikuta vidonge vimefichwa kwenye kopo la vifungo.

"Mguu una nafuu," akajitetea. "Nimeze dawa za nini?"

Binti yake wa pekee alikuwa pembeni akipiga pasi. Hakuinua macho. "Na mimi siumwi, baba. Kwa hiyo sipimwi."

"Wewe lazima upimwe."

"Kwa nini?"

Fundi alitazama kopo la vifungo. Mkasi ulikuwa bado mkononi. Akauweka chini, akachota maji, akameza kidonge mbele yetu sote. Dada aligeukia dirishani, akajifanya anatazama nguo kwenye kamba.

Jumatatu baba na binti wakaenda kwa miguu kupimwa. Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa usalama wao. Kabla ya kona ya duka la vitambaa mguu ukambana, akasimama. Binti naye akasimama, akamshika kiwiko.

"Tayari, baba?"

"Bado."

"Haya. Hatuna haraka."