Gitaa Lililolala Chini ya Makoti

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa pili, mwanangu, kule Toronto, baridi ile ya kukutoa machozi bila msiba, niliposimama mbele ya kanisa nikaimba uongo. Nitakueleza. Unisamehe nikipotea njiani, maana shule niliiacha darasa la nne na kusimulia kwa mstari ulionyooka sijajua mpaka leo.

Miaka hiyo ya tisini nilikaa mtaa wa Weston, ghorofa ya kumi na moja, lifti inaharibika kila wiki. Nyumbani Tanzania nilikuwa nimepiga gitaa la ridhim kwenye bendi, tena bendi ya watu kuvaa vizuri kuja kuicheza. Huko nikaingia kiwanda cha mikate. Ukirudi unanuka hamira mwili mzima, na mabega yanauma hata kuvua koti ni shughuli. Gitaa nikalitia mfukoni mwake, nikaliweka kabatini, makoti juu yake. Nikajiambia, siku ambayo sijachoka nitalipiga. Mbele za watu lakini sikuacha kujisifu: mimi msanii bwana, nangoja wimbo unijie.

Kiongozi wa kwaya yetu alikuwa mama mmoja wa Bujumbura. Tulimwita Mama Aline, ingawa huyo Aline hakuna kati yetu aliyewahi kumwona. Walipotezana siku ya kukimbia vita kwao, binti akaishia kambini Kigoma, mama akahangaika na makaratasi miaka mitano. Siku alipopata barua ya kibali cha binti kuja Kanada alinifuata baada ya ibada, kaikunja ndani ya Biblia.

"Papa, utanitungia wimbo ya kumupokea mutoto wangu?"

"Mama, hilo niachie mimi."

Huo ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Ukaja wa kumi na mbili, ukaja wa kwanza. Kila siku nilichoka, na uchovu wenyewe ulikuwa wa kweli, sikufichi. Aline akatua Alhamisi. Mimi nikafukua makoti Jumamosi.

Sasa, hita za kule hukausha hewa mpaka midomo inapasuka. Gitaa langu nalo lilikuwa limepasuka usoni, ufa wa urefu wa kidole, na ukigusa waya mnene linakoroma. Vidole vyangu vilikuwa laini kama vya karani. Nikakaa asubuhi nzima, hakikuja kitu. Basi nikafanya nilichofanya. Nilichukua wimbo niliomwimbia Judi, binti mwingine wa kanisani, siku ya harusi yake, nikamtoa Judi nikamtia Aline. Jina lilizidi kidogo, nikalikunja likaingia.

Jumapili nikauimba, watu wakapiga vigelegele. Aline mwenyewe, binti mrefu ndani ya koti la kuazima, alitabasamu akiangalia chini. Mama yake hakupiga kigelegele. Nilikuwa nimesahau kwamba ni yeye aliyeifundisha kwaya kuitikia wimbo wa Judi.

Nilimkuta jikoni mwa kanisa anapakua maharage. Hakupaza sauti. Heri angepaza.

"Papa, ile ndiyo wimbo ya Judi."

"Mama, nilichoka sana. Kule kiwandani..."

"Mimi sichoke?" Akachota, akamwaga kwenye sahani. "Mutoto wangu nilimungojea miaka mitano. Siku amefika, ukamuvalisha nguo ya mutu mwingine."

Akanipa sahani, na nyama akaniongezea, na hiyo nyama ndiyo iliyonichoma zaidi. Nilikula nimesimama, kama mtu aliyeadhibiwa.

Kisha akaniuliza, "Nyimbo za kwaya, weye unazani nazitoa wapi?"

Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda kwenye nyumba ya wazee.

"Kitanda moja, mustari moja," akasema. "Ikiwa mubaya, kwa kitanda ya pili nabadirisha. Kuko muzee mumoja pale, Kiswahili haelewi hata moja, lakini nikinyamaza ananigongea kitanda!" Akacheka mwenyewe.

"Na siku ukichoka?"

"Siku nikichoka naimba pole pole. Ulizani namna gani?"

Nilirudi nikalitoa gitaa mfukoni, nikalitundika ukutani jikoni, mbali na hita, na bakuli la maji chini yake hewa isilikaushe. Nikajiwekea sheria moja: wali ukiwa motoni napiga, ukiiva naacha. Siku nyingine nilipiga nimefumba macho, buti bado miguuni. Siku nyingine zilitoka sauti tatu za ovyo, basi. Mara moja niliunguza wali kabisa, jirani yangu Mjamaika akagonga mlango akidhani jengo linaungua, tukaishia kula kwake. Lakini taratibu masikio yakafunguka. Hata mashine ya kukata mikate ikaanza kunipa mapigo.

Wimbo wa Aline uliisha mwezi wa sita. Niliupeleka nyumbani kwao, Etobicoke. Aline alikuwa keshaanza kumjibu mama yake kwa Kiingereza. Niliimba, gitaa linakoroma pale kwenye ufa. Mama Aline alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Nilipomaliza alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kama vile ndiyo kwanza anaingia mlangoni.

"Sasa amefika," akasema. Akaendelea kumenya.

Mwanangu, vidole vyangu leo vimekakamaa na mimi nimechoka kuliko wakati ule. Sikiliza haya kabla sijasinzia. Wewe unayepiga muziki, usiingoje siku isiyo na uchovu. Nimeishi miaka yote hii, sijaiona. Chombo chako kitoe kabatini, kiweke mahali utakapokipiga bega ukipita. Kipe kila siku muda wa sufuria moja ya wali. Wimbo ukitoka mbaya, uache utoke, kesho utabadilisha. Imba mikono ikiwa kazini, na wanaokusikia wasikutie haya. Na mtu akikuomba wimbo wa mwanawe, anza siku hiyo hiyo, hata mstari mmoja.

Mungu akupe vidole vyepesi, na kazi isiyokumaliza. Na siku ukinyamaza, akuwekee mtu wa kukugongea kitanda. Amina.