Kitenge cha Mama wa Lokwang

Akuwam alikuwa mwanamke mpole, na watu wa Lodwar waliomjua, kanisani hata sokoni kwa wauza samaki, wangeapa kwamba hana wivu. Jirani akiezeka nyumba ya mabati, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenda kumpa hongera. Mwenzake wa kwaya akipewa kuongoza wimbo ambao yeye mwenyewe aliutamani, alimeza mate, akasimama mstari wa nyuma na kuimba bila kinyongo. Kwa hiyo wivu ulipomjia, akiwa tayari ni nyanya wa watu, ulimkuta hajui hata pa kuuweka. Na la aibu zaidi, ulimjia kwa sababu ya mbwa.

Alikuwa mpishi katika kituo cha wanyama cha Daktari Jebet, daktari wa mifugo aliyehamia Turkana kutoka Eldoret akakodi kiwanja nyuma ya soko la mbuzi. Hapo waliletwa mbwa waliogongwa na malori, waliotupwa na wenyewe, na waliofukuzwa kila mlango. Akuwam aliwapikia uji mzito wa mahindi wenye vichwa vya samaki wa ziwani. Na katika wote hao, mmoja alikuwa wake.

Aliitwa Lokwang kwa sababu ya weupe wake, ingawa weupe wenyewe ulionekana siku za kuogeshwa tu. Alikuwa na kifafa. Asubuhi na jioni Akuwam alimfichia kidonge ndani ya taya la samaki na kumwambia, "Chukua, mzee wangu," naye akachukua kwa ulimi laini bila kumgusa kidole. Siku za kuanguka, Akuwam alimkimbilia, akapiga magoti kwenye vumbi na kumwombea kwa sauti kubwa mpaka mtetemeko uishe.

Tabia ya Lokwang ilikuwa moja: alimpenda kila mtu. Yeyote aliyeingia langoni alipokewa kama ndugu aliyepotea zamani, kwa mkia, kwa kiuno, kwa mwili mzima. Akuwam aliiona tabia hiyo ni tamu alipofanyiwa yeye, na ni ukosefu wa haya walipofanyiwa wengine.

Hakuweza kumpeleka kwake. Miaka ya nyuma binti yake Asekon, akiwa mdogo, alivimba tumbo mpaka ngozi ikang'aa. Hospitalini walimpasua wakatoa mfuko wa maji, wakasema ni mdudu wa mbwa. Na kweli, katika boma la mama mkwe, kama maboma mengi ya wakati ule, mbwa ndiye aliyekuwa akimlamba mtoto akishajisaidia. Asekon alipona. Siku alipotoka wodini, Akuwam alisimama mbele ya madhabahu akaweka nadhiri kwamba mbwa hatalala kwake tena. Daktari Jebet alimweleza mara nyingi kwamba siku hizi kuna dawa ya minyoo, na mbwa wa kituo wote wanapewa. Akuwam alikubali. Lakini nadhiri hakuiweka kwa Daktari Jebet.

Basi wakawa wanakuja watu kutafuta mbwa. Alikuja Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma, akachuchumaa, na Lokwang akamwekea kichwa magotini papo hapo.

"Huyu ni mpole kweli," mwalimu alisema.

"Mpole sana, mwalimu," Akuwam akajibu huku akipepeta mahindi. "Shida ni ile siku anaanguka."

"Anaanguka?"

"Anaanguka, anatoa povu, anajikojolea. Halafu akiamka hakujui. Ulisema uko na watoto wangapi?"

Mwalimu Wekesa aliondoka na mbwa mwingine. Akaja Morgan, mwenye yadi ya magari kule Lokichar, akauliza kama Lokwang anaweza kazi ya ulinzi.

"Mwizi akija atafanya nini?"

"Atamlamba," Akuwam alisema. "Halafu atamuonyesha mahali funguo ziko."

Hakusema uongo hata mara moja. Alisema ukweli mtupu, ila aliuanzia mkiani.

Ndipo siku moja Daktari Jebet akaja jikoni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenye kiwanja alikitaka kiwanja chake. Kituo kingefungwa.

"Hawa wazima watapata watu," alisema. "Lakini Lokwang, Mama Asekon, nani atakumbuka dawa yake kila siku? Nikikosa mtu itabidi nimdunge ile sindano ya mwisho. Afadhali alale mikononi mwangu kuliko aangukie huko laga, kwenye mchanga wa mto mkavu, peke yake."

Akuwam alikoroga sufuria mpaka mwiko ukakwaruza chini.

"Na wale waliokuja kumwangalia," daktari akaongeza polepole, "wote wanatoka hapa jikoni kwako wakiwa wamebadilisha nia."

"Niliwaambia ukweli, daktari."

"Najua. Sasa waambie na ule mwingine."

Siku ile Akuwam aliomba kwa machozi Mungu ampatie Lokwang nyumba. Hakuomba iwe nyumba nzuri. Alisahau, au alijisahaulisha.

Mungu alimjibu kwa kumleta Anatole, Mkongomani mwokaji mikate katika kambi ya Kakuma, aliyekuwa amekuja Lodwar kununua unga.

"Jambo, mama. Docteur ameniambia kuko mbwa ya ugonjwa. Anaitwaka nani?"

"Lokwang. Lakini huyu anaanguka, anatoa povu..."

"Nilisikia. Bibi yangu Maryanne naye anaangukaka." Alisema jambo hilo kama mtu anayetaja kimo cha mkewe. "Ni ile ugonjwa moja. Watu wa bloku wanamuogopa, hata kikombe yake hawagusi. Nikasema, mbwa wa vile hatamuogopa."

Akuwam alitafuta jambo la kusema. Alianza na povu, na povu halikumtisha mtu. Alipofungua mdomo kusema habari ya mkojo, Lokwang alikuwa ameshalala chali juu ya viatu vya Anatole, miguu yote minne hewani.

"Hana aibu," Akuwam alisema.

Kwao, mtu akimpa mwenzake mnyama, humshika sikio, humtemea mate kidogo ya baraka na kumwambia aende akakae vizuri. Hivyo ndivyo baba yake alivyofanya kwa mbuzi, na hivyo ndivyo Akuwam angefanya. Lakini gari la Ekal, dereva wa njia ya Kakuma, lilipowasili kumchukua Anatole na magunia yake, Daktari Jebet alimwita mara tatu naye hakutoka. Alibaki jikoni akipuliza moto uliokuwa unawaka vizuri. Kwa hesabu yake, Lokwang hakupeanwa. Alichukuliwa tu.

Tangu siku hiyo dereva Ekal hakupita Lodwar kwa amani. Akuwam alimvizia stendi na kumsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, mwanangu. Yule mbwa?"

"Ejok noi, mama. Amenona! Analala kando ya tanuri kama chifu."

"Dawa anakula?"

"Anafichiwa ndani ya mkate moto, na siagi juu."

"Siagi!" Akuwam alisema. "Samaki wangu walimkosea nini?"

Ekal alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Akuwam hakucheka. Kila habari njema ilimwingia kama mwiba wa mathenge, ule unaopenya hata ndala. Alimwona yule mwanamke ambaye hajawahi kumwona: mikono yake myeupe kwa unga, sauti yake ikiita jina ambalo yeye Akuwam ndiye aliyelitoa. Jumapili moja, katikati ya sala, alijisikia akimwomba Mungu Lokwang akatae kula, siku moja tu, amkumbuke. Akafumba mdomo ghafla hata jirani yake kwenye benchi akageuka kumtazama.

Kisha Ekal akamletea furushi. Ndani kulikuwa na kitenge kipya, cha bluu na manjano, kilichokunjwa vizuri, na juu yake mikate.

"Umekumbukwa, mama. Imetoka kwa Maryanne."

"Ya nini?"

"Ya mbwa, si ndio? Wamesema ni juu ya Lokwang."

Akuwam alisimama juani na kitenge mikononi, akahisi ametukanwa. Baba yake alikuwa na marafiki mpaka Kaikor, na urafiki wote ulikuwa wa mbuzi: huyu alipewa beberu mwaka wa njaa, hajarudisha, ndiyo maana bado wanatembeleana. Mnyama halipwi upesi. Anayelipa upesi anakwambia, tumemalizana, usizoee kwangu. Na yule mwanamke amelipa. Amemchukua Lokwang, na sasa anafunga mlango kwa kitenge.

"Unarudi Kakuma saa ngapi?" alimuuliza Ekal.

"Nikijaza."

"Umenijaza mimi. Twende."

Njiani alipanga maneno makali, moja baada ya lingine. Hakuwa na mazoezi ya maneno makali, kwa hiyo kila baada ya laga ilimbidi ayapange upya.

Tanuri la Anatole lilikuwa chini ya kibanda cha mabati. Anatole mwenyewe alikuwa amepeleka mikate dukani. Palikuwa na mwanamke mwembamba mwenye kovu refu la moto mkononi, amekaa kwenye kigoda, akikanda. Na pale kivulini, mweupe kuliko alivyowahi kuwa Lodwar, alikuwa Lokwang.

Alimwona. Alikuja kwa mkia, kwa kiuno, kwa mwili mzima, akalia kile kilio chake chembamba, na Akuwam akapiga magoti, maneno yote makali yakamwagika njiani. "Mzee wangu," alisema. "Mzee wangu, umenijua."

Kisha Lokwang akamwacha, akaenda kwa Ekal aliyekuwa amebeba unga, akamfanyia vilevile, mkia, kiuno na kilio. Halafu akarudi akalala miguuni pa Maryanne, akashusha pumzi ndefu kama mwenye nyumba aliyemaliza kupokea wageni.

Akuwam aliinuka akajipangusa magoti.

"Mimi ndiye Akuwam," alisema. "Nimerudisha kitenge chenu. Mbwa wangu sikumuuza."

Maryanne aliinua macho. "Kumuuza? Nani alisema?"

Hakujibiwa, kwa sababu Lokwang alikakamaa. Miguu ikanyooka, kichwa kikapinda nyuma, akaanza kutetemeka. Akuwam alirukia upande wake, mdomo tayari umefunguka kwa maombi, lakini Maryanne alikuwa karibu zaidi. Hakupiga kelele. Alisukuma kigoda kando, akaweka kiganja chake chenye unga chini ya kichwa cha mbwa, akangoja. Ulipopita ule mtetemeko, alijiondoa akarudi nyuma, akamvuta Akuwam nguo.

"Tukae hapa mbali, mama. Usimuite."

"Huwa namuita. Huwa namuombea."

"Omba, lakini ndani ya roho. Mimi nikiamkaka, sijue mtu hata mmoja. Uso ya bwana yangu mwenyewe naona ni ya mwizi. Na watu wote wako juu yangu, wanaita, Maryanne! Maryanne! Naogopa kufa." Alicheka kidogo. "Afadhali wakae tu."

Wakakaa chini, bega kwa bega, na mbwa akawangurumia wote wawili kwa usawa, macho matupu. Akuwam alifikiria zile siku zote alizopaza sauti juu ya kichwa chake, na jinsi mbwa alivyotetemeka hata baada ya kuamka, naye Akuwam akidhani ni ugonjwa.

"Sasa hii kitenge," Maryanne akasema. "Umeileta juu ya nini? Rangi ni mbaya?"

"Rangi ni nzuri. Lakini kwetu mnyama halipwi hivyo. Ukilipa umenifukuza."

"Ee, Mungu wangu!" Maryanne alijishika kichwa kwa mikono yenye unga. "Kwetu ni mama anavalishwaka. Mtu akichukua mtoto mu nyumba ya watu, lazima mama yake avae. Asipovaa, ni kama tulimuiba. Nilimuuliza Anatole, mama wa huyu mbwa ni nani? Akasema ni wewe."

Akuwam alikishika kitenge mapajani. Hakukuwa na mtu aliyewahi kumwita mama wa mbwa, na kama angeitwa hivyo kanisani angekasirika.

Lokwang alisimama, akayumba, akanusa hewa. Akuwam alikuwa na harufu ya samaki bado kwenye kucha. Alijua, na aliusogeza mkono mbele kidogo, kidogo tu. Mbwa aliwakaribia, akapita ule mkono, akaweka kichwa kwenye paja la Maryanne.

Iliuma. Akuwam aliiacha iume. Kisha akauinua ule mkono wake wa samaki, akamshika Lokwang sikio, akamtemea mate kidogo juu ya paji la uso.

Maryanne akaruka. "Unamtemea?"

"Ni baraka. Nilikuwa nimemnyima." Akasema yale maneno ya baba yake, kwa Kiturkana, yote bila kuruka: kaa vizuri, kula, usirudi. Hilo la mwisho lilichelewa kutoka. Halafu akamgeukia mwenzake. "Na wewe lete uso."

Maryanne alifumba macho akaleta uso, akatemewa, akacheka mpaka Ekal akachungulia.

"Leo ndiyo nimempeana," Akuwam alisema. "Sasa nina haki ya kuja kuomba. Kwetu ni hivyo. Nitakuja kila wakati, utachoka na mimi."

"Utaomba nini?"

"Leo mkate. Siku nyingine nitaomba nimuone. Na usimpe siagi nyingi."

Kituo cha Lodwar kilifungwa, na hakuna mbwa aliyedungwa sindano. Lakini hayo yalikuwa baadaye. Jioni ile gari la Ekal lilipogeuka, Akuwam alikuwa amejifunga kitenge juu ya gauni lake, mkate wa moto mapajani, na alitazama nyuma mpaka kibanda kikafichwa na vumbi.

"Alilia ukiondoka?" Ekal aliuliza.

"Nani?"

"Mbwa."

"Hata kidogo," Akuwam alisema. "Alikuwa anamwangalia yule mwanamke akikanda." Akanyoosha mkunjo wa kitenge kwa kiganja, akaunyoosha tena. "Hana aibu kabisa, yule. Jumamosi unapita?"